Kombe la Jivu

Haya nilisimuliwa na dada wa golikipa mwenyewe, mwaka juzi, tukiwa tumebanana kwenye benchi la kliniki ya macho, mimi nikingoja kuondolewa mtoto wa jicho na yeye akingoja dawa za mdogo wake. Foleni ilikuwa ndefu na daktari alikuwa mmoja. Alinieleza bila kuruka, na pale alipokosea yeye mwenyewe hakujificha nyuma ya mtu. Nami nayaweka kama alivyoyatoa.

Mtaa mzima ulimwita Dada, wakubwa kwa wadogo, hata mumewe. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Mumewe alikuwa fundi wa lipu, lakini jina la fundi lilishakufa siku nyingi; yeye alikuwa Katibu, kwa sababu kwa miaka kumi na saba ndiye aliyelibeba kombe la mtaa mgongoni kama mama na mwanawe. Waliliita Kombe la Jivu. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa jivu la majiko ya mtaani. Siku moja kabla ya mechi kila nyumba ilitoa kopo lake, na sheria ilikuwa moja tu: nyumba iliyotoa jivu ina haki ya kumtukana refa, isiyotoa inyamaze.

Mwaka huo nyumba nyingi zilikuwa zimehamia kwenye gesi. Timu kumi na sita zilikuwa zimebaki sita. Vijana waliokuwa wakicheza sasa walijazana vibanda vya video kutazama ligi za mbali na kubashiri matokeo kwa simu, na Jumamosi saa kumi, saa ya Kombe la Jivu, ndiyo saa wale wa kwenye luninga nao walipoingia uwanjani.

"Tunashindana na dunia nzima," Katibu alikuwa akisema, "na sisi hata mpira wenyewe umeshonwa mara nne."

Aliyeushona mpira ni Sumaku, mdogo wake Dada, wa tumbo moja. Alikuwa fundi cherehani. Mashine yake aliiweka mlangoni mwa chumba alichopanga na mkewe na mtoto wao wa mwaka mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwa Dada. Jina la Sumaku alilipata golini, maana mpira ulimfuata mikononi kama msumari. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa golikipa wa viwanja vile huo ni uzee, lakini mwingine hakuwepo.

Ijumaa, saa tisa mchana, mkaguzi wa chama cha mpira alifika uwanjani. Alivaa viatu vyeupe vya turubai na alitembea kwa vidole akikwepa madimbwi. Nyuma yake alikuja ofisa wa mtaa, ambaye miezi miwili kabla alikuwa amemweleza Katibu bila kuzunguka: uwanja hauna mwenyewe, mtu wa malori anautaka kwa maegesho, na kama kombe halitambuliwi na chama, basi hakuna kombe, kuna watu wanarusha mpira kwenye kiwanja cha serikali.

"Hiki ni nini?" mkaguzi aliuliza, akiburuza ncha ya kiatu juu ya jivu lililoliwa na mvua ya jana yake.

"Mstari wa pembeni, mheshimiwa."

"Huu? Mimi nimedhani njia ya siafu."

Ofisa alicheka. Katibu naye alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake.

"Kesho ni nusu fainali," mkaguzi akasema. "Nitakaa pale na fomu zangu. Nataka kuona mistari myeupe nikiwa nimekaa kwenye kiti, sio nikiwa nimepiga magoti. Nisipoiona naandika uwanja haufai, na ofisa wako atajua la kufanya. Sina ugomvi na mtu. Na mchezaji akiumia, hospitali wajaze fomu hii, iletwe ofisini kwetu. Chama kina mfuko wa majeruhi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mheshimiwa. Itakuwa myeupe."

"Na jivu mliache jikoni."

Jioni ile Katibu alikwenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akitoa jezi na mpira. Mwenye duka alimkaribisha vizuri, akamletea kiti, akamuuliza watoto wa ndugu zake hawajambo. Kisha akamwambia, "Katibu, nisikufiche. Mwaka huu nimedhamini kibanda cha video. Watu wako kule. Biashara inafuata watu, haifuati mapenzi." Chokaa ya unga mifuko sita, aliyoombwa kwa mkopo, hakuitoa. Alimpa kofia yenye jina la duka.

Katibu alirudi na kofia mkononi, hakuivaa. Akapita kwenye jengo alikokuwa anapiga lipu, akazungumza na msimamizi, na giza lilipoanza kuingia alikuja akisukuma mkokoteni wenye magunia mawili. Ilikuwa chokaa ya mawe. Msimamizi alimkata ujira wa siku tatu.

Chokaa ya mawe haitumiki hivi hivi. Huzimwa kwanza. Unaimwagia maji, inachemka yenyewe bila moto, inapasuka na kutoa moshi, halafu unaiacha siku kadhaa itulie ndipo unaichekecha. Hayo Katibu aliyajua kuliko mtu yeyote mtaani. Siku kadhaa ndizo alizokosa.

Aliimwagia maji usiku uleule uani, na asubuhi alipoichekecha bado kulikuwa na vibonge vilivyokataa kupasuka. Alivisaga kwa tofali akavichanganya humohumo. Dada alikuwa karoni anafua jezi za timu zote mbili. Aliinuka kumsaidia kuujaza unga kwenye ndoo. Alipotia mkono wenye maji ndani ya ndoo, aliutoa kama aliyeng'atwa.

"Katibu! Hii bado ina moto."

"Moto uko wapi?"

"Humu ndani. Imeniunguza."

Katibu akachovya kiganja chake chote, akakiacha humo, akamtazama. Mikono ile ilikuwa imekula chokaa na saruji miaka ishirini. Ilikuwa imepasuka ikajifunga, ikapasuka ikajifunga, mpaka ngozi ikawa kama soli ya kiatu. Aliweza kushika sufuria jikoni bila kitambaa.

"Baridi kama maji ya mtungi," alisema. "Wewe mikono yako imelainishwa na sabuni."

"Mimi nakwambia..."

"Dada, unaniambia mimi habari za chokaa? Mimi?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa kuchoka. "Saa sita mkaguzi atakuwa njiani. Uwanja ukienda, umekwenda. Hauzaliwi mwingine. Nipe hiyo ndoo."

Dada alimpa ndoo. Aliniambia, pale kwenye benchi la kliniki, kwamba alinyamaza kwa sababu mbili: kwanza, mumewe ndiye fundi, pili, alimwona mtu ambaye hajapata usingizi wiki nzima na akamwonea huruma. "Huruma yenyewe," aliniambia, "nayo inaua."

Saa kumi mistari iling'aa. Haijawahi kuonekana vile tangu uwanja uwe uwanja. Mstari wa goli Katibu aliumwagia mara mbili, unene wa vidole viwili, ili mkaguzi auone kutoka kwenye kiti chake. Mkaguzi aliuona, akaandika kitu, na Katibu akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Watu hawakufika mia. Mvua ya manyunyu ilikuwa inadondoka. Timu ya Mafundi, ya kina Sumaku, ilicheza na Wapagazi wa sokoni, na hadi kipindi cha pili Mafundi walikuwa mbele kwa bao moja. Mama muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alisimama pembeni na mwavuli.

"Refa! Kipenga unakipuliza kama unapoza uji!"

"Mama, wewe jivu lako halikutumika leo," mtu akamwambia. "Nyamaza."

"Nilileta makopo matatu yakaachwa hapo! Nina matusi matatu, nimetumia moja!"

Hata mkaguzi alitabasamu. Mke wa Sumaku alikuwa amembeba mtoto mgongoni, anamchezeshachezesha. "Wifi," alimwambia Dada, "leo baba yake ameamka na mikono ya dhahabu. Tazama."

Dakika zikiwa zimebaki chache, Wapagazi walipata kona. Straika wao, kijana mrefu, aliruka akaupiga kichwa kuelekea chini, palepale mstarini. Sumaku alijitupa. Aliudaka mpira akiwa amelala kifudifudi, na uso wake ukazama kwenye ule mstari mnene uliokuwa umeloa. Watu walipiga kelele za furaha. Mama muuza mkaa alirusha mwavuli.

Sumaku hakuinuka. Aliukumbatia mpira kidogo, kisha akauachia, na golikipa hauachii mpira vile. Akaanza kujisugua macho kwa glavu zake, na glavu zilikuwa nyeupe tupu.

"Maji! Leteni maji!"

Maji yaliyokuwepo ni pakiti saba za kunywa kwenye ndoo ya mchuuzi. Walimpasulia zote usoni. Sumaku alikuwa anapiga miguu chini kama mbuzi anayechinjwa na hakuwa anasema neno, anavuta pumzi tu kwa meno.

Mkaguzi aliinuka kitini. "Katibu, kuna nini pale?"

"Mchanga, mheshimiwa. Mchanga umemwingia."

Dada alikuwa amesimama karibu. Alimsikia. Walitazamana, mume na mke, na hakuna aliyehitaji kuelezwa na mwenzake.

Golikipa wa akiba aliingia, mtu wa miaka arobaini na tumbo lake, na mechi ikaendelea. Katibu aliita pikipiki mbili. Wakati Sumaku anapakiwa, kitambaa kimefungwa usoni, Katibu alimvuta mkewe pembeni akamtia ile fomu mkononi.

"Wakikuuliza, ni mchanga."

"Katibu, ni ndugu yangu."

"Na mimi ni shemeji yake. Watamsafisha, atapona, macho husafishwa kila siku. Lakini wakiandika chokaa kwenye hiyo karatasi, mkaguzi anafunga kombe leo hii. Dada, kata pua uunge wajihi. Neno moja tu. Mchanga."

Hospitali ilikuwa na benchi refu kwenye ukumbi, na dirisha dogo ambalo muuguzi aliandikia majina. Muuguzi alikuwa peke yake na alikuwa na zamu mbili mwilini.

"Kimemwingia nini?"

Mke wa Sumaku alimtazama wifi yake. Yeye alikuwa mbali na mstari, aliona watu tu. Hakujua.

"Mchanga," Dada akasema. "Alikuwa anadaka mpira."

Muuguzi alimwinamisha Sumaku kwenye sinki, akampitishia maji kidogo, akamdondoshea dawa ya kutuliza. "Mchanga unatoka wenyewe na machozi. Kaeni pale, daktari atamwona kwa foleni. Mbele yenu kuna wanane."

Walikaa. Sumaku katikati, mkewe huku, dada yake huku. Mtoto alilala. Aliingia mzee wa kikohozi, akatoka. Aliingia mama na mtoto aliyeungua mguu, wakatoka. Sumaku alikuwa ameinamisha kichwa magotini.

"Dada," alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Naam, mdogo wangu."

"Linachemka."

"Nini kinachemka?"

"Jicho. Hili la kushoto. Nalisikia linachemka ndani, kama chungu. Mchanga unachemka?"

Dada aliutazama mkono wake wa kulia, pale vidole vilipobabuka tangu asubuhi. Mgonjwa wa tatu akaingia. Dada alijiambia, akitoka huyu nitainuka. Akatoka. Dada alijiambia, labda atatulia. Akafikiria uwanja, na malori, na mumewe miaka kumi na saba akizunguka na makopo nyumba kwa nyumba, akitukanwa na wenye nyumba na akirudi anacheka. Mgonjwa wa nne akaingia.

Ndipo Sumaku akaanza kulia. Si kwa sauti. Machozi yalikuwa yanashuka na yalikuwa meupe, kama maji ya kuoshea mchele.

Dada aliinuka akaenda dirishani. "Dada muuguzi. Sio mchanga. Ni chokaa. Chokaa ya mawe, haikuzimwa vizuri."

Muuguzi aliacha kalamu. "Nini?"

"Chokaa."

"Toka saa ngapi?"

"Toka pale uwanjani. Saa nzima sasa."

"Na ulijua?" Muuguzi alikuwa ameshafungua mlango, ameshamshika Sumaku mkono, anamkokota ndani. "Mama wewe! Umekaa hapo na chokaa inamla mwenzio! Daktari!"

Walimlaza chali. Walimfunulia kope kwa nguvu wakamtiririshia maji ya dripu, chupa moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Daktari alipindua kope akatoa vipande vyeupe kwa pamba, kimoja baada ya kingine, kama anayechambua mchele. Sumaku alishikwa na watu watatu. Mkewe alisukumwa nje kwa ajili ya mtoto, naye alisimama mlangoni akimtazama wifi yake, na hakuyaondoa macho.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tumekaa pale. Ulikuwa umemshika bega, na ulijua."

"Wifi..."

"Usiniite wifi."

Daktari alitoka anajifuta mikono. Alisema jicho la kulia linaweza kurudi, kwa dawa, tone moja kila saa, mchana na usiku, bila kukosa. La kushoto hakutaka kusema sana. Alisema limepauka. Dada aliuliza kupauka maana yake nini.

"Umeona jicho la samaki aliyechemshwa?"

"Kama angesafishwa mara tulipofika?"

Daktari alikuwa kijana, na hakuwa katili. Alifikiri kidogo. "Chokaa kwenye jicho ni dakika, mama. Hata iliyozimwa haifai, sembuse hii. Siwezi kukuapia lingepona. Ila dakika zile zilikuwa zake." Kisha akachukua fomu, akaandika kwa herufi kubwa: CHOKAA YA MSTARI WA UWANJA. Akapiga muhuri.

Mafundi walishinda ile mechi, bao moja kwa bila. Katibu alikuja hospitalini usiku na habari hiyo, na alipoingia chumbani hakuisema. Aliisoma fomu mikononi mwa mkewe mara mbili. Hakugomba. Alikaa sakafuni kando ya kitanda cha shemeji yake, akashika upande wa shuka.

"Shemeji," Sumaku aliuliza, macho yamefungwa bandeji yote mawili. "Lile goli liliingia?"

"Halikuingia. Ulilidaka."

"Basi fainali tupo."

"Tupo, shemeji."

Jumatatu, mke wa Sumaku aliinyakua ile fomu juu ya meza ya Dada. Katibu alikuwa ameizunguka tangu Jumapili kama mtu anayezunguka nyoka.

"Nipe mimi. Mkaguzi alisema chama kina mfuko wa majeruhi. Mume wangu ni majeruhi. Au nalo ni mchanga?"

Alikwenda na mtoto mgongoni, akakalishwa kutwa nzima kwenye korido. Alirudi jioni na majibu mawili. La kwanza, mfuko ni wa mashindano yaliyosajiliwa, na Kombe la Jivu lilikuwa bado linakaguliwa, halijasajiliwa. La pili lilikuwa kwenye bahasha: mashindano yamefungwa kwa kuhatarisha wachezaji, na nakala imepelekwa kwa ofisa wa mtaa. Aliirusha bahasha mapajani mwa Katibu.

"Hongera," alisema. "Mstari wako umeonekana."

Sumaku hawakumwambia. Daktari alikuwa amekataza asishtuliwe, asilie, jicho lisipate machozi ya chumvi. Walimhamishia kwa Dada, kwa sababu kwake kulikuwa na vyumba viwili, na kwa sababu mkewe peke yake asingeweza tone la kila saa na mtoto anayetambaa. Wanawake wawili walilala chumba kimoja na mgonjwa na hawakusemeshana ila kwa saa. "Saa nane." "Nimeshaweka." "Saa tisa." "Weka wewe." Siku ya kwanza Katibu alinyoosha mkono aipokee chupa ya dawa, naye mke wa Sumaku akairudisha kifuani. "Wewe hapana," alisema tu.

Wateja wa cherehani walianza kuja Jumatano. Walikuja na pole, wakakaa, wakasifu udakaji wake, halafu wakikaribia kuaga wakakumbuka vitambaa vyao. "Si kwamba namnyang'anya, mama. Ila sherehe ni wiki ijayo." Mke wa Sumaku aliwatolea mmoja mmoja, vingine vimeshakatwa, vingine bado na chaki. Aliyedai malipo yake ya awali alirudishiwa. Bwana mmoja alichukua kitambaa cha suruali, akafika mlangoni, akageuka na kuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mashine inauzwa.

"Nani kasema?"

"Aa, nimesikia tu. Nikaona niwahi."

Kutoka kitandani Sumaku aliuliza, "Nani huyo?"

"Mpita njia," mkewe akajibu.

Waliokuja kwa Katibu hawakuleta pole. Nahodha wa Wapagazi alitaka kiingilio cha timu yake kirudishwe. Mwenyekiti wa kamati, ambaye kwa miaka sita hakuhudhuria kikao, alikuja kusema kwamba yeye angeshauri jivu. Mama muuza mkaa pekee ndiye aliyeketi. Akasema kwa sauti ndogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, "Katibu, tungekuchangia nyumba kwa nyumba, chokaa ya unga ikapatikana. Mbona hukusema?" Aibu ya kuomba ilikuwa imemzidi Katibu safari ile; miaka kumi na saba ya kuomba ilikuwa imeisha ndani yake kama mafuta kwenye taa.

Jumamosi ilifika. Saa tisa na nusu Sumaku aliketi kitandani, akapapasa shati lake, akafunga vifungo mwenyewe, akavaa viatu.

"Shemeji yuko wapi?"

"Nipo."

"Hujaondoka? Nusu saa imebaki. Nani anadaka leo, yule mwenye tumbo? Mwambie asitoke golini mapema, wale jamaa wanapiga juu juu. Dada, nendeni wote. Niachieni mtoto, namsikia akitambaa. Mtanisimulia."

Hakuna aliyesogea. Nje, upande wa uwanjani, lori lilikuwa linarudi nyuma, na mtu akampigia dereva kelele, njoo, njoo, njoo, kata kushoto, hapo hapo.

"Ni lori hilo?" Sumaku akauliza. "Lori linafanya nini uwanjani?"

Dada alifungua mdomo. Katibu akamtangulia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia.

"Hakuna fainali, shemeji. Kombe limefungwa tangu Jumatatu. Uwanja wamepewa wa malori. Ile chokaa niliitia mimi, nayo ilikuwa mbichi. Dada aliniambia, sikumsikia. Halafu nikamwambia aseme mchanga."

Sumaku aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Bandeji ya jicho la kulia walikuwa wameshaipunguza, na kwa ule upenyo alikuwa akiona mwanga na vivuli. Alikitazama kivuli cha shemeji yake kwa muda.

"Na hili la kushoto?"

Katibu alimtazama mkewe.

"Dada?"

"Halitarudi," Dada akasema. "Na pale benchini nilijua. Nilikaa kimya wagonjwa wanne wakapita."

Sumaku alifungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, kama alivyovifunga.

"Kombe lingekuwepo," alisema mwishowe, "ningesema jicho limekwenda kwa kitu. Sasa limekwenda kwa nini? Mniambie. Kwa maegesho?"

Akalala akauelekea ukuta. Mkewe alimvua viatu. Alimwekea tone la saa kumi, akapanda kitandani na mtoto, akalala nyuma ya mgongo wake, na wote watatu, kwa uchovu wa wiki nzima, wakashikwa na usingizi mchana kweupe. Katibu alitoka akakaa kizingitini. Miaka kumi na saba hakuwahi kuwa nyumbani Jumamosi saa ile, na hakujua inafanywa nini. Baadaye kichwa kilimwangukia kifuani, akakoroma taratibu, miguu yake nje na mwili wake ndani.

Dada alibaki na chupa. Saa kumi na moja alimwamsha mdogo wake kwa kumgusa sikio, akamfunua kope ya kulia, akaweka tone moja, akangoja liingie. Sumaku alijigeuza ukutani akalala tena. Dada alitega simu imwamshe saa kumi na mbili, akaiweka juu ya goti, akaegemea ukuta, naye akalala.